Nyumba Isiyofuka Moshi

Mwezi uliopita niliingia duka moja la vyombo pale Morogoro mjini kununua birika. Sikufika kwenye mabirika, kwa sababu dada muuzaji alinikamata mlangoni akaanza kunieleza habari za sufuria ya umeme, nzito, yenye kifuniko cha kioo. Unaweka maharage na maji asubuhi, akasema, unaenda zako kazini, ukirudi jioni unakuta yameiva yenyewe. Hilo neno "yenyewe" alilitamka kwa fahari kubwa. Nikamwambia kwetu Ifakara tulikuwa na kitu hicho hicho miaka ya tisini, tena hakikula umeme. Akatabasamu kwa adabu, akanipa pole ya macho, akahamia kwa mteja mwingine.

Basi nitakusimulia wewe, maana yeye hakutaka.

Mama yangu alikuwa karani wa tiketi stesheni ya reli. Zamu yake ilikuwa ya jioni, na treni ya jioni ilikuwa na hiari yake. Ikitaka inafika mapema, ikitaka inakuweka mpaka usahau ulikuwa unasafiri kwenda wapi. Mama aliondoka nyumbani saa tisa alasiri kwa baiskeli, sare imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, na hakuna aliyejua atarudi saa ngapi. Baba naye alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Miezi ya baada ya mavuno, magunia yalipangana mpaka barabarani, na wenye magunia wametoka Mofu na kwingine mbali, hawakubali kulala bila kukobolewa. Baba alirudi giza limeshaingia, nyusi nyeupe kwa vumbi. Kwa hiyo kuanzia saa tisa nyumba ilikuwa mikononi mwangu, nikiwa na miaka kumi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka sita ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusema ana njaa.

Chakula chetu cha jioni kilipikwa na kapu. Mama alijifunza kutoka kwa bibi maendeleo, yule ofisa aliyekuwa akija kuwafundisha akina mama pale parokiani mambo ya lishe na ushonaji. Kapu lenyewe lilikuwa la mianzi, kubwa, kiasi kwamba mdogo wangu aliweza kuketi ndani. Mama alilitandika gunia, juu yake akashindilia pumba za mpunga alizoletewa na baba bure kutoka mashineni, akaacha shimo katikati la kutosha sufuria moja. Halafu akashona mto wa kanga kuukuu, nao akaujaza pumba. Huo ndio ulikuwa mfuniko.

Mchana nikitoka shule nilimkuta mama amechemsha maharage kwenye jiko la mkaa, yale aliyoyaloweka tangu usiku. Yalitokota kama nusu saa kwa nguvu, kitunguu kimo, chumvi bado. Akafunika sufuria vizuri, akaitia shimoni ikiwa bado inanguruma, akakandamiza mto juu, akafunga kamba. Mkaa uliobaki akauzima kwa majivu ili utumike kesho. Baada ya hapo hakuna mtu aliyegusa. Tulisema kapu limelala. Saa moja jioni ukilifungua, mvuke unakupiga usoni na harage unalibonyeza kwa ulimi tu. Makande yalitoka laini kuliko ya mama mwingine yeyote mtaani. Kambale mkavu aliyelowekwa kwenye mchuzi wa karanga alitoka mzima, hajavunjika hata mkia. Wali nao ulikubali, ila mama alisema wali unataka uaminifu, ukichungulia mara moja tu umeharibu. Mdogo wangu alichungulia. Tulikula bokoboko siku mbili, na mimi ndiye niliyechapwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mlinzi.

Faida yake nyingine ni kwamba chakula kilisubiri. Treni ichelewe isichelewe, sisi watoto tulipakua chetu, tukarudisha mto, na baba na mama walikuta chao cha moto. Mama alikuwa akisema, "Kapu halina kinyongo." Nilidhani huo ni msemo wa watu wote mpaka nilipofika sekondari nikautumia darasani wakanicheka.

Mwaka ule wa miaka yangu kumi bibi mzaa baba akaja kututembelea kutoka Mahenge. Alikuja baada ya mavuno, juu ya lori la mizigo, akavuka mto kwa kivuko na kuku wawili na gunia la maharage. Tulimpenda. Alikuwa na mikono migumu na hadithi nyingi, na hakuweza kukaa bila kuchambua kitu. Siku ya kwanza tu alichambua mchele wote wa nyumbani. Jioni akatandika mkeka mbele ya nyumba, akakaa kuwasalimu watu wanaorudi kutoka mashambani, kama alivyozoea kwao.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu walipita na majembe, wakasimama, "Shikamoo bibi," "Marahaba wanangu," na mmoja, bila nia mbaya, akaangalia juu ya paa letu akauliza kama leo kwetu hawapiki. Wewe uliyekulia mitaa kama ile unajua saa kumi na mbili ilivyokuwa. Kila kibanda cha jiko kilikuwa kinafuka. Moshi ulipita katikati ya makuti na nyasi za paa, ukakaa chini chini mtaani ukichanganyika na harufu ya dagaa na kuni mbichi, na mtu aliweza kuhesabu nani yupo nyumbani. Nyumba yetu peke yake ilikaa kavu. Majirani walishazoea, ila mgeni hakuzoea.

Bibi aliingia ndani na kuniuliza chakula kiko wapi. Nikamwonyesha kapu. Akaligusa kwa nje, akalikuta baridi. Akauliza, "Anapika nani humo?" Nikasema hakuna mtu, linapika lenyewe. Jibu lile lilikuwa kosa langu la kwanza. Bibi alisema yeye hali chakula ambacho hakikusimamiwa na binadamu. Jioni ile alikula muhogo wa kuchoma, na jioni iliyofuata pia, huku sisi tukila maharage mbele yake kwa aibu na kwa hamu.

Alikuwa na neno lake, akalirudia kila siku magharibi ikifika: "Nyumba isiyofuka jioni ina msiba au ina njaa." Hakulisema kwa ukali. Alilisema akitazama paa.

Baada ya wiki akamwambia baba. Mimi nilikuwa nasuuza vyombo nyuma ya dirisha na nilisikia yote. Mke anayewaachia watoto kapu na kwenda kukaa dirishani kuuza tiketi kwa wanaume, alisema, anaitia nyumba aibu, na aibu hiyo inamwangukia mume. Aache ile kazi. Baba akajibu, "Nimesikia, mama." Kwetu "nimesikia" si ndiyo na si hapana, lakini mtoto wa kiume akimwambia mama yake hivyo, mke anajua upepo unaelekea wapi. Ikapangwa kwamba Jumapili baada ya misa kaka yake baba, baba mkubwa wetu wa Lupiro, avuke mto aje wakae kikao.

Mama hakugombana. Alinyoosha sare yake siku tatu mfululizo kwa uangalifu uliozidi, akikunja ukosi, akiukunjua, akiupitia tena. Ile kazi aliipenda, nakwambia. Alijua majina ya stesheni zote kwa mpangilio, kwenda na kurudi, na alitufundisha hayo kama wimbo wa kulalia. Abiria walimwita "mama tiketi" na walimsalimia sokoni kabla ya kumsalimia baba. Usiku alituambia nani kasafiri na nani karudi, nani kaenda kambini Chita kujiunga na jeshi la kujenga taifa huku mama yake analia. Niliogopa sana. Niliogopa kwamba ataacha kazi, na atabaki kuwa mtu mwingine, na sisi ndio tutakaoishi na huyo mtu mwingine.

Basi nikaona tatizo ni moshi. Kama kinachotakiwa ni moshi, moshi si kitu kigumu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha jiko cha zamani, mafiga matatu yamekaa tu, kuku wanatagia majivuni. Ijumaa mama alipoondoka nilichota pumba kwenye gunia la akiba, nikazimwaga katikati ya mafiga, nikawasha kwa karatasi za daftari la mwaka uliopita. Pumba haziwaki, zinaungua polepole kwa ndani. Nikanyunyiza maji kidogo. Ukatoka moshi mzito, wa manjano, ukapanda juu ya paa kama wa tanuri la matofali. Machozi yalinitoka, ila nilifurahi. Kule mbele nikasikia mtu anapita, "Leo bibi mnapika," na bibi akajibu, "Tunapika." Sauti yake ilikuwa imenyooka. Nikaona nimeshinda. Saa moja, bibi asione, nikaliamsha kapu, nikapakua, bibi akala maharage, akasema afadhali leo.

Jumamosi nikarudia. Hilo lilikuwa kosa langu la pili, nalo ndilo kubwa.

Jirani yetu wa upande wa kisima, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akikaanga vitumbua asubuhi, alikuwa hanunui kiberiti. Siyo yeye tu. Mtaani petu jioni ulitazama nani ameanza kufuka, ukachukua kigae au gunzi la mahindi, ukaenda kuomba moto. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na aliyekuomba leo utamwomba kesho. Kwetu hakuwahi kuja kuomba, maana hakukuwa na moshi. Safari hii akauona. Akapiga hodi moja kwa moja jikoni, kigae mkononi, akanikuta nimechuchumaa nakohoa na kikombe cha maji.

"Hee, mnapika nini, mwanangu?"

"Maharage," nikasema.

Akatazama mafiga. Hakukuwa na sufuria. Akachukua kijiti akachokoa apate kaa la kuchukua. Wewe unajua pumba hazina kaa. Alichokoa upande huu, akachokoa upande ule, yakatoka majivu meusi tu na moshi zaidi. "Moto gani huu hauna kaa?" akauliza. Nilipoinua uso nikamwona bibi amesimama nyuma yake mlangoni.

Jirani akacheka. Hakuwa mtu mbaya, lakini alicheka mpaka kwake, na kila aliyemwomba moto baadaye akauchukua pamoja na hadithi. Kabla giza halijaingia mtaa mzima ulijua kwamba mama tiketi amewafundisha wanawe kufukiza moshi wa uongo wamdanganye bibi yao. Hicho ndicho ambacho sikukitarajia. Uongo ulikuwa wangu na wakampa mama. Bibi hakunigombeza. Alirudi mkekani, na hakula.

Mama aliporudi sikumwambia. Nilijifunika shuka nikajifanya nimelala, nami nilikuwa macho kabisa.

Jumapili baba mkubwa akafika na baiskeli yake, amefunga mkungu wa ndizi kwenye kiti cha nyuma. Tulikaa sebuleni, wakubwa kwenye viti, sisi watoto tukaambiwa tukae nje. Nilikaa kizingitini, ambako nilihesabu kuwa ni nje. Baba mkubwa alianza kwa upole, akamsifu shemeji yake kwa hili na lile, halafu akafika kwenye jambo. Alikuwa ameshasikia, nadhani alisikia tangu kivukoni. Kazi ni kazi, akasema, lakini mwanamke anapofika mahali pa kumfundisha mtoto wake uongo ili alinde kazi, hapo imetosha. Baba alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mama alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza habari za moshi, na nadhani alishajua ni mimi, na hakutaka kunitaja.

Nikasimama kizingitini nikasema, "Mama hajui. Ni mimi."

Baba mkubwa akasema watoto hawasemi kikaoni. Bibi akasema, "Mwache." Akanigeukia. Sijasahau jinsi alivyouliza, taratibu, kama anayeuliza bei.

"Uliweka nini juu ya mafiga?"

"Sikuweka kitu, bibi."

"Hata sufuria ya maji?"

"Hapana."

"Ndiyo maana wamekukamata," akasema. "Mimi niliweka sufuria."

Hakuna aliyeelewa. Bibi akawatazama wanawe wawili, mmoja baada ya mwingine, na akawauliza kama wanakumbuka mwaka ule mvua ilipokataa, wao wakiwa wadogo na baba yao amekwisha kufa. Baba mkubwa akasema anakumbuka kidogo. Bibi akasema ghalani hakukuwa na punje, na yeye hakutaka watu wajue, maana ndugu wa marehemu wangekuja kuwachukua watoto. Kwa hiyo kila jioni aliwasha moto kama wenzake, akateleka sufuria ya maji, akaifunika. Jirani alipokuja kuomba moto alikuta sufuria inatokota, akachukua kaa, akaenda zake. Watoto walikaa kando ya mafiga wakingoja, mpaka usingizi ukawachukua. Asubuhi aliwatafutia mizizi ya porini.

Baba mkubwa alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ulituambia ni mchuzi unaochelewa kuiva."

"Niliwaambia," bibi akasema.

Kuku waliingia mpaka chini ya meza na hakuna aliyewafukuza. Kisha bibi akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema yeye ameogopa nyumba zisizofuka maisha yake yote, kwa sababu anajua ndani yake kunakuwa na nini. Lakini hii amekaa ndani yake wiki mbili, haifuki, na watoto wanalala wameshiba. "Mimi niliwapikia maji," akawaambia wanawe. "Huyu anawapikia maharage. Mwacheni aende kazini."

Kikao kikaishia hapo. Baba mkubwa alisahau hata kufunga kwa sala, jambo ambalo hakulisahau kabla wala baada. Mama alinyanyuka, akaenda kwenye kapu, akafungua kamba, akaleta sufuria ikiwa bado inatoa mvuke. Alimpakulia bibi kwanza. Bibi akaonja, akatafuna kwa muda mrefu bila sababu, maana hakukuwa na cha kutafuna. Akasema yamepungua chumvi, akaomba aongezewe. Mimi nilichapwa fimbo mbili kwa ajili ya uongo, nyepesi, na mama ndiye aliyenichapa, na alikuwa analia yeye.

Mama alikaa dirishani pale miaka mingi baada ya hapo, mpaka alipostaafu kwa hiari yake mwenyewe. Bibi alibaki nasi mpaka mvua za kwanza, akarudi Mahenge na mto wa pumba alioshonewa na mama. Sikuwahi kumuuliza zaidi juu ya mwaka ule. Nilikuwa na nafasi nyingi za kuuliza, nikaziacha zipite, na hilo linaniuma.

Ninapokwenda Ifakara siku hizi ninakuta nyumba zimeezekwa bati, na wengi wanapikia mkaa au gesi. Ni jambo jema. Wanawake hawakohoi tena, macho hayawi mekundu, na hakuna mtoto anayetumwa kuni kabla ya shule. Sitamdanganya mtu kwamba napenda moshi. Ila juzi nilikaa barazani kwa mdogo wangu saa kumi na mbili jioni, nikatazama mtaa mzima, mapaa safi yamepangana mpaka barabara kuu. Nyumba yenye chakula na nyumba isiyo nacho zinafanana. Katika mojawapo huenda kuna mama ameteleka maji, na hakuna jirani atakayeingia na kigae mkononi, afunue sufuria, ajue.